Shajara ya mradi: Vinundu vya juu, vinundu vya chini

Jumamosi, 18 Januari 2025

Hatimaye tumeanza. Mimi na wanafunzi watano wa klabu ya baiolojia tulipanda daladala Buzuruga, hapa Mwanza, saa moja asubuhi, tukapita Magu mjini, tukashuka na kutembea karibu nusu saa kuingia mbugani. Msomaji wa pwani asije akawaza simba. Mbuga kwetu Usukumani ni bonde la udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi mpaka kwato ya mbuzi inazama kwenye ufa, na ukilowa unang'ang'ania viatu hadi unatembea kama umefungwa matofali miguuni.

Mti tunaoufuata unaupenda udongo huo huo. Ni mgunga mfupi, wengi hawazidi kimo cha mlango, wenye miba mirefu myeupe inayokaa miwili miwili. Kitaalamu unaitwa Vachellia drepanolobium, na vitabu vya zamani vinauandika Acacia. Utautambua kwa vinundu: chini ya baadhi ya miba pamevimba donge lenye uwazi ndani, likiwa changa ni laini, likikomaa linakauka na kuwa jeusi kama kaa. Kila donge lina tundu, wakati mwingine matundu kadhaa, na upepo wa ziwa ukipita hapo mti unapiga mluzi. Wanafunzi walinyamaza wenyewe waliposikia. Sikuhitaji kuwaambia "kimya", jambo ambalo halijawahi kunitokea darasani.

Humo ndani wanaishi sisimizi. Ukigusa tawi moja tu, mti mzima unatoka nje. Sikuwa nimehesabu hata kumi na tano kabla wa kwanza hajafika kwenye kidole gumba. Hawachomi kama nyuki. Wanang'ata, halafu wanakupaka sumu pale pale walipong'ata, kwa hiyo maumivu yake ni ya pilipili iliyoingia kwenye mchubuko. Wengi ni wale wanaoinua tumbo juu ya kichwa kama nge. Wanafunzi wamewapa jina la "mkia juu", nami nimelipokea. Hao ni ukoo wa Crematogaster.

Mzee mmoja aliyekuwa anachunga ng'ombe alisimama kututazama kwa muda mrefu. Tulipomwamkia akaitikia, kisha akasema, "Mwalimu, mti huu ukitaka kuuwasha, unakuwasha wewe kwanza." Akaendelea na safari yake.

Kwenye miti miwili tulikuta wapangaji wengine kabisa: wembamba, weusi, wapole kidogo. Tundu lao ni dogo kama la pini, mkia juu hawezi kupenya. Na vijidundu vya kutolea mbochi kwenye majani, yale maji matamu ambayo mti unawalipa walinzi wake, vilikuwa vimetafunwa. Tabia hizo mbili kwa pamoja ndizo alizoelezewa Tetraponera penzigi kwenye tafiti za Laikipia, Kenya, ambako mti huu umechunguzwa kwa miaka mingi na aina nne za sisimizi zinazougombania zinafahamika kwa majina. Naandika "penzigi?" na alama ya kuuliza, kwa sababu hadubini ya shule haitoshi kuapa.

Tulikata vinundu 24, kila kimoja na mfuko wake wa zipu, tukavitia kwenye deli la barafu la jirani yangu anayeuza sato. Deli linanuka sato. Mradi mzima utanuka sato.

Swali letu, ili lisipotee njiani: tangu nikiwa kidato cha tano nimefundishwa hadithi hii kama mkataba wa wawili. Mti unatoa nyumba na sukari, sisimizi wanafukuza twiga, tembo na wadudu wala majani. Mimi nataka kujua kama kuna wa tatu: bakteria.

Jumatano, 22 Januari

Aibu ya wiki.

Ili kuotesha bakteria unahitaji kitu kama jeli, chenye chakula ndani, kilichoganda kwenye sahani bapa yenye mfuniko. Nikatengeneza supu ya viazi na sukari kidogo, nikaigandisha kwa jelatini ya dukani, ile ya keki. Kwenye friji ilitulia vizuri kama kioo. Tukapeleka sahani shuleni Jumatatu, tukapanda. Leo mchana nimefungua kabati: uji. Joto la Mwanza mchana linafika nyuzi 28, na jelatini huanza kulegea hata kabla ya hapo. Kilichosalia kigumu, bakteria wenyewe walikuwa wameshakiyeyusha, maana jelatini ni protini na wengine wanaila.

Nilichofanya si upumbavu mpya. Maabara ya Robert Koch kule Ujerumani ilikuwa na tatizo hili hili kila majira ya joto. Mwaka 1881 aliyelitatua ni Fanny Hesse, mke wa mtafiti mmoja wa hapo, aliyekuwa akimsaidia mumewe kazi na kumchorea michoro. Jeli zake za jikoni hazikuyeyuka kwa joto kwa sababu alitumia agari, ujuzi alioupata kwa jirani aliyewahi kuishi Java. Agari inatoka kwenye mwani mwekundu, inayeyuka ikikaribia kuchemka na kuganda ikipoa hadi nyuzi kama 35 au 40, halafu haiyeyuki tena mpaka uichemshe upya. Na bakteria wengi hawawezi kuila. Dunia nzima inatumia ushauri wake hadi leo, na jina lake halimo kwenye vitabu vyetu vya shule.

(Binti mmoja aliuliza kama mwani wa Zanzibar ungefaa. Ule unaolimwa sana kule unatoa karagini, ndugu yake agari, lakini si agari yenyewe.)

Nimepata unga wa agari kwenye duka la vifaa vya keki mjini. Bei yake siandiki hapa kwa sababu mke wangu naye husoma.

Jumapili, 2 Februari

Sahani za agari zimeshika. Kuzisafisha kumehitaji presha kuka: mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15 ndio unaoua hata mbegu sugu za bakteria. "Baba, hili ni sufuria la maharage au la wadudu wako?" Nimejibu kwamba kwa sasa ni la wote. Jibu halikupokelewa vizuri.

Tulichopanda ni hiki: kinundu kinaoshwa kwa nje na spiriti, kinapasuliwa kwa wembe uliopitishwa motoni, kisha ukuta wa ndani unaguswa na kijiti cha pamba kilichochemshwa, na kijiti kinapitishwa juu ya agari. Nilipasua cha kwanza mbele ya wote. Ndani ni safi, kuliko nilivyotarajia. Ukuta laini wa kahawia, mabuu meupe yamerundikwa upande mmoja kama chenga za mchele, uchafu umetengwa. Kwenye kinundu cha wale weusi wembamba palikuwa na kitu cha ziada: kwenye kona, kijirundo cheusi kama masizi ya kibatari. Chini ya hadubini masizi yakawa nyuzi. Ukungu. Hawa wanafuga ukungu ndani ya mti.

Hapo ndipo nilipowasimulia wanafunzi habari ya wakata-majani wa Amerika ya Kusini na Kati, kwa sababu bila hiyo hawataelewa kwa nini nilitabasamu. Wale sisimizi hukata majani, lakini hawayali. Wanayapeleka chini ya ardhi kulisha ukungu, nao wanakula ukungu. Bustani yao ina gugu lake, ukungu mwingine uitwao Escovopsis, unaoweza kuimaliza. Wataalamu walikuwa wameona kwa muda mrefu kwamba miili ya sisimizi hao ina unga mweupe, wakaamini ni nta tu. Mwaka 1999 Cameron Currie na wenzake wakaonyesha kwamba "nta" ile ni bakteria hai, wanaotengeneza dawa inayozuia lile gugu. Mkulima anatembea na kiwanda cha dawa kifuani, na sisi tulidhani ni vumbi.

Basi mtu akauliza: na hawa wa Afrika, wanaofuga ukungu kwenye vinundu vya mgunga? Kutoka kwa Tetraponera penzigi wa Kenya walipatikana bakteria ambao hawakuwa na jina, wakapewa la Streptomyces formicae, yaani wa sisimizi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha East Anglia na Kituo cha John Innes, vyote vya Norwich, Uingereza, walitangaza kwamba bakteria hao wanatengeneza kundi la kemikali wakaliita formikamaisini. Kwenye maabara, kemikali hizo ziliua bakteria sugu wa hospitalini, akiwemo yule staphylococcus asiyesikia dawa ya methisilini.

Kijana mmoja akauliza, "Kwa hiyo kwenye kabati letu kuna dawa?"

Hapana. Kwenye kabati letu kuna sahani zenye vitu tusivyovijua, na ndiyo maana zimefungwa utepe pande zote na hakuna anayezifungua. Nimeandika sheria mlangoni kwa kalamu nyekundu. Sahani ikimaliza kazi inazama kwenye Jik usiku kucha, halafu inarudi kwenye presha kuka.

Jumamosi, 15 Februari

Jaribio hili ni langu mwenyewe ninalolipenda, kwa sababu linaonekana kwa macho.

Unamchukua sisimizi mmoja kwa koleo laini, unamweka kwenye agari safi, unafunika, unahesabu dakika mbili, unamtoa. Hakuna kingine. Sahani inaonekana tupu. Baada ya siku tatu, njia aliyopita inaota. Vidoti vya krimu, vya njano, vya pinki, vimepangana kwa mkunjo ule ule aliotembea: hapa alizunguka, hapa alisimama akasugua antena, hapa alijaribu kupanda ukingo akaanguka. Binti mmoja wa kidato cha tatu alifuata njia hiyo kwa ncha ya kalamu juu ya kioo na kusema, "Huyu alikuwa na haraka."

Sababu ya kuitazama miguu ni utafiti wa 2014 kutoka Taasisi ya Max Planck iliyoko Jena, Ujerumani, juu ya mgunga wa Mexico. Huko nako kuna mti unaopangisha sisimizi, na kuna sisimizi wa aina mbili: mlinzi halali, Pseudomyrmex ferrugineus, na mwingine wa ukoo huo huo anayekaa bure bila kulinda. Majani ya mti wenye mlinzi halali yalikuwa na bakteria wachache na dalili chache za ugonjwa kuliko majani ya mti uliokaliwa na yule mdoezi. Kisha wakachukua miguu ya sisimizi, wakaitengenezea maji yake, wakayajaribu dhidi ya Pseudomonas syringae, bakteria anayeshambulia majani ya mimea mingi. Maji ya miguu yalimzuia kukua. Kwenye miguu hiyo walikuta bakteria wa sisimizi mwenyewe, na hao ndio wanaoshukiwa kutoa dawa.

Nimelirudia hili mara mbili darasani kwa sababu linageuza picha. Mlinzi anapozunguka jani kutwa nzima akitafuta kiwavi, hafukuzi kiwavi peke yake. Kila hatua ni kama mtu anayepaka rangi ukutani. Analitibu jani bila kujua.

Kwa upande wetu, kati ya sahani 12 za miguu, tatu ziliingiliwa na ukungu wa hewani (kabati letu liko karibu na dirisha linaloelekea jiko la shule, kosa langu). Tisa zilibaki. Mbili kati ya hizo zina koloni, yaani marundo ya bakteria, nyeupe, kavu, za unga, zimekaa kwenye agari kama chaki iliyodondoka. Leo nilipofungua boksi tu, kabla sijagusa sahani yoyote, harufu ikatupiga wote: udongo. Harufu ya mvua ya kwanza ikigonga vumbi. Mmoja akageuka dirishani kutazama kama mawingu yametanda.

Harufu hiyo ni ya kemikali inayoitwa jeosmini, na watengenezaji wake wakubwa ardhini ni bakteria wa ukoo wa Streptomyces. Pua ya binadamu inaikamata hata ikiwa chembe chache tu ndani ya trilioni. Kwa hiyo hizo chaki mbili yumkini ni Streptomyces. Wa aina gani, siwezi kusema. Na naandika hili kwa herufi nzito kwenye daftari: Streptomyces wamejaa kwenye udongo wote, na sisimizi wetu anatembea juu ya udongo. Kuokota chaki mguuni mwake si ushahidi kwamba ni ya kwake. Huenda aliikanyaga tu.

Jumapili, 16 Februari

Umeme ulikatika kutwa. Sahani hazijali. Mimi ndiye niliyejali, sikuchapa chochote.

Jumapili, 23 Februari

Wiki hii hatukupanda kitu. Tumesoma, na nimegundua nilikuwa nauliza swali nusu.

Tuanze na ujira. Mti unamlipa sisimizi kwa mbochi. Mbochi ni maji ya sukari, protini yake ni ya kugusia tu. Mpe mtoto soda asubuhi, mchana na jioni uone kama atakua. Sisimizi wana mabuu ya kulea, na buu linahitaji protini. Wadudu wa kuwinda juu ya miti hawatoshi. Mwaka 2003 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa sisimizi wa vileleni kwenye misitu ya tropiki, ukaonyesha kwa vipimo vya naitrojeni kwamba wengi wao wanaishi zaidi kwa vyakula vya mimea, moja kwa moja au kupitia wadudu wanaofyonza utomvu. Swali ni wanaishije kwa chakula kile.

Jibu mojawapo tunalo jikoni. Wale sisimizi wakubwa weusi wanaotembea usiku kwenye sinki, ukoo wa Camponotus, wana bakteria ndani ya seli maalumu za utumbo, waitwao Blochmannia. Mama huwarithisha watoto kupitia mayai. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba bakteria hao wanachukua urea, taka ya naitrojeni, na kuigeuza kuwa asidi amino, matofali ya kujengea protini, ambazo sisimizi hawezi kujitengenezea. Mwaka 2018 ikaonyeshwa kwa sisimizi wengine, Cephalotes wa Amerika, kwamba bakteria wa utumboni nao wanafanya kazi ya namna hiyo: taka inarudi mezani ikiwa chakula.

Kwa hiyo wafanyakazi wanaweza kukubali mshahara wa sukari tupu kwa sababu kuna mpishi ndani ya tumbo anayeifanya itoshe. Mwondoe mpishi, mshahara hautoshi, mlinzi anatafuta kazi kwingine, na twiga anakula mti.

Sasa hili ndilo lililonifanya nisimame katikati ya sebule. Mwaka 2002 watafiti walipasua Tetraponera wa Asia, binamu wa wale wembamba wetu, wakakuta utumbo una mfuko wa pembeni uliosheheni bakteria. Walipowachunguza vinasaba, wakakuta miongoni mwao kuna jamaa wa karibu wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya kunde. Kunde! Ukoo wa maharage, choroko, karanga, na mgunga.

Maana mgunga nao ni wa jamii ya kunde. Chini ya ardhi una vinundu vingine, vidogo kama punje ya ulezi au mtama, ambamo bakteria wanakamata naitrojeni ya hewani na kuulisha mti. Nimefundisha vinundu vya mizizi miaka kumi na moja, mada yake, mchoro wake, swali lake la mtihani. Nimefundisha vinundu vya miba miaka kadhaa, mada nyingine. Sikuwahi kuviweka kwenye ubao mmoja. Mti unajenga vinundu juu kwa ajili ya sisimizi na vinundu chini kwa ajili ya bakteria, na angalau katika ukoo mmoja wa sisimizi hao, jamaa za bakteria wa chini wameonekana ndani ya tumbo la wapangaji wa juu.

Niwe mwangalifu. Wale wa 2002 walikuwa wa Asia, na kufanana kwa ukoo si kusema wanafanya kazi ile ile. Wa kwetu hatujawapasua. Lakini mada zimebadilishwa kwenye ubao wangu.

Jumamosi, 8 Machi

Mfungo umeingia, wawili kati ya watano wamefunga, kwa hiyo tumefanya kazi asubuhi na mapema.

Jaribio la mapambano. Nilichukua ukungu wa kijani ulioota kwenye chungwa la Ukerewe (nililiacha lioze kwa makusudi, na ni chungwa zuri lililoniuma), nikapanda pembezoni mwa sahani. Katikati nikapanda ile chaki nyeupe ya miguuni. Sahani tano hivyo, na tano nyingine zenye ukungu pekee, za kulinganishia. Chaki ilitangulia siku nne kwa sababu inakua polepole.

Kwenye sahani mbili, ukungu ulisogea hadi ukakaribia chaki, ukasimama. Kati yao kuna uwanja mtupu, upana wa kucha ya kidole kidogo, ukingo wake umechorwa safi. Vijana wakapiga makofi. Kwenye sahani mbili nyingine ukungu ulipita juu ya chaki kama hauioni. Ya tano ilikauka.

Kisha binti yule yule wa "huyu alikuwa na haraka" akainua sahani moja ya kulinganishia, isiyo na chaki kabisa, akanionyesha uwanja mtupu karibu ule ule. Nilipanda ukungu bila kusawazisha. Kama sahani isiyo na askari nayo ina mpaka, basi mpaka hauthibitishi askari.

Makofi yakaisha. Nilijisikia vibaya kwa dakika mbili, halafu nikafurahi kuliko nilivyofurahia uwanja wenyewe. Tutarudia: ukungu utachanganywa kwenye maji na kutandazwa sawa, sahani kumi kwa kumi, na anayesoma matokeo asijue ipi ni ipi.

Wakati tunaosha vyombo niliwapa habari ya streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kutibu kifua kikuu. Ilipatikana mwaka 1943 kutoka kwa Streptomyces wa udongoni, huko Rutgers, Marekani, na aliyeitoa kwenye sahani ni mwanafunzi, Albert Schatz, katika maabara ya Selman Waksman. Tuzo ya Nobel ya 1952 alipewa Waksman peke yake. Kimya kidogo. Kisha: "Mwalimu, tuandikishane kabisa."

Jumamosi, 22 Machi

Tumerudi mbugani. Masika yameanza kwa nguvu, na matofali ya miguuni ni ya kweli. Tulitembea robo ya mwendo wa Januari kwa muda ule ule.

Kazi ya leo ilikuwa mbili: vinundu vipya vya juu, safari hii pamoja na udongo wa chini ya kila mti kwa ajili ya kulinganisha (kama chaki imo kwa wingi kwenye udongo na kwa bahati tu kwenye kinundu, basi aliikanyaga), na kwa mara ya kwanza, mizizi.

Mizizi ya mti mkubwa hatukuigusa. Tulichimba miche, ya kimo cha goti, iliyoota kando ya njia ya ng'ombe ambako ingekanyagwa hata hivyo. Tulichagua minne karibu na kichuguu na minne mbali. Huko Laikipia, utafiti wa 2010 ulionyesha kwamba migunga iliyo karibu na vichuguu hupata sehemu ndogo zaidi ya naitrojeni yake kutoka kwa bakteria wa mizizini. Mchwa wameshaurutubisha udongo, kwa nini mti ulishe wafanyakazi wa ziada. Nilitaka wanafunzi waone kama jicho tupu linaweza kulikamata jambo hilo. Kwa miche minane halikukamata. Yote ya kichuguuni haikuwa na kinundu, lakini hata ya mbali, mitatu haikuwa nacho. Mizizi inakatikia kwenye udongo mweusi kabla hujaifikia.

Mche wa nne ulikuwa navyo. Vitatu, vimeshikilia uzi wa mzizi. Tulivisuuza kwa maji ya chupa ya kunywa. Nikakipasua kimoja kwa ukucha, nikakielekeza kwenye mwanga: ndani pinki, kama ufizi wa mtoto. Rangi hiyo inatokana na protini iliyo ndugu wa ile inayoifanya damu yetu kuwa nyekundu. Inaibana oksijeni, kwa sababu kimeng'enya cha kukamata naitrojeni kinaharibika oksijeni ikizidi. Kinundu cha pinki kiko kazini. Cha kijivu kimestaafu.

Yule mzee alikuwepo tena, safari hii chini ya mwavuli. Akataka kuona tulichokishika. Nikamweleza kwa kifupi, na nilipofika kwenye wadudu wasioonekana wanaotengeneza dawa, akanikatisha. Kaka yake aliumwa kifua zamani akachomwa sindano kila siku, muda mrefu, mpaka matako yakawa magumu kama gogo. Nikamuuliza sindano gani. "Streptomaisini," akasema, jina zima, bila kukwama, kama mtu anayetaja jina la ng'ombe wake. Kaka alipona, ila sikio moja lilibaki zito. Kweli dawa hiyo inajulikana kwa kuumiza masikio.

"Sasa hiyo," akauliza, "ilitoka kwenye udongo?"

Kwa kiumbe wa kwenye udongo, ndiyo.

Akautazama udongo mweusi uliojaa kwenye viatu vyangu. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akawafuata ng'ombe.

Mifuko imewekwa alama kwa kalamu ya wino usiofutika: JUU, KATI kwa udongo, CHINI. Vinundu viwili vya pinki vilivyobaki viko kwenye karatasi yenye unyevu. Mmoja wa waliofunga ndiye aliyebeba deli hadi barabarani na akakataa kupokewa. Jirani analitaka kabla ya Jumatatu, sato wanaingia.